Je, wajua kwa nini wanafunzi wa muziki wa chuo kimoja cha Los Angeles hawalipi ada?

Chuo chenyewe ni Los Angeles City College, na aliyewalipia ni mpiga tarumbeta. Mwaka 2016 Herb Alpert, kupitia wakfu wake, alikipa chuo hicho dola milioni 10.1 ili wanaosomea muziki pale wasidaiwe ada.

Kisa kinaanzia mezani. Alpert alipokuwa na miaka minane, shule yake ya msingi iliwapangia watoto ala za muziki juu ya meza, kila mmoja achague. Yeye akashika tarumbeta. Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi, na mara kwa mara amesimulia kwamba tarumbeta ile ndiyo iliyomsemea. Hebu fikiria: hakuna aliyemuuliza baba yake ana shilingi ngapi. Ala ilikuwapo, mtoto akaichukua.

Mwaka 1962 yeye na mwenzake Jerry Moss walitoa dola 100 kila mmoja, wakafungua lebo ya muziki ndani ya gereji ya Alpert. Jina la kwanza, Carnival, lilikuwa na mwenyewe, basi wakachukua herufi za majina yao: A&M. Wimbo wa “The Lonely Bull”, tarumbeta ikipulizwa na Alpert mwenyewe, ukawainua. Mwaka 1966 wakanunua studio alizojenga Charlie Chaplin huko Hollywood. Humo ndimo waimbaji wa Marekani walimokesha Januari 1985 wakirekodi “We Are the World”, kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia.

Lebo iliuzwa kwa kampuni ya muziki ya PolyGram mwaka 1989, kwa takriban dola milioni 500. Kwa pesa kama hizo mtu angeweza kujipumzikia tu. Lakini Alpert alirudi kwenye meza ile ya utotoni. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha UCLA, hukohuko Los Angeles, kilipata kwake dola milioni 30 za kuanzisha shule ya muziki.

Mfano unaonigusa zaidi uko Harlem, New York. Mwaka 2010 shule ya sanaa ya watoto, Harlem School of the Arts, ilifunga milango kwa kuishiwa fedha. Alpert hakuwa mtu wa mtaa ule, lakini wakfu wake ulitoa dola 500,000 ikafunguliwa, kisha baadaye ukaongeza zaidi ya milioni 5. Watoto wa Harlem bado wanaingia pale na kushika ala zao.