Ndoo ya Maji Si Mazoezi ya Moyo

Jumatatu nilimpigia simu kijana mmoja kumuuliza mbona mama yake hajaonekana mazoezini, wiki ya pili sasa. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayenitoa tongotongo: "Lakini dokta, mama hakai bure. Anadeki, anafua, anapika. Mazoezi gani tena?"

(Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, si dokta. Niliacha kusahihisha hilo mwaka wangu wa pili kazini.)

Hilo la "mama hakai bure" nimelisikia kwa waume, kwa mawifi, kwa wagonjwa wenyewe, na mara moja, Mungu anisamehe kwa jicho nililomtupia, kwa daktari aliyekuwa anaandika ruhusa wodini. Baba wa wodi ya pili, umri uleule, valvu (mlango wa moyo) ileile, alipewa rufaa ya utengamao, yaani programu ya mazoezi ya kuurudishia moyo nguvu. Mama aliyekuwa akiandikiwa ruhusa akaambiwa ajishughulishe nyumbani. Wala si sisi tu. Kwingi duniani walikopima, wanawake wanapewa rufaa kwa uchache kuliko wanaume, wakipewa wanaoanza ni wachache, na wakianza wanakatisha mapema. Ndiyo maana mwaka 2022 baraza la kimataifa la utengamao wa moyo, ICCPR, lilitoa mwongozo mzima kuhusu wanawake.

Turudi kwenye kudeki.

Moyo uliotoka kwenye upasuaji au shambulio unafundishwa kwa kazi yenye mdundo: misuli mikubwa ya miguu inakaza na kulegea, dakika 20 hadi 30, mzigo ukipanda kidogo kidogo wiki hadi wiki. Baada ya muda misuli inajifunza kunyonya oksijeni vizuri zaidi, na kazi ileile inafanyika kwa mapigo machache. Sehemu kubwa ya faida hiyo inakaa miguuni, jambo ambalo wagonjwa hawaniamini nikiwaambia.

Sasa chukua kusonga ugali wa watu wanane. Umesimama palepale, mkono umeng'ang'ania mwiko, tumbo limekaza, pumzi umeibana bila kujua. Msuli uliokaza bila kulegea unaminya mishipa yake wenyewe. Presha inapanda ghafla na damu haizunguki kulingana na taabu unayoipata. Ongeza joto la mkaa na hewa yake chafu. Kukamua shuka ni hivyohivyo. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na anayelibeba ni mtu ambaye kidari chake kilipasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya wiki tano zilizopita, tena tulimwambia asinyanyue zaidi ya kilo nne na nusu. Kutwanga kisamvu nisiseme.

Watu wa vipimo wataniambia kufua kwa mkono ni takribani MET 4, yaani mwili unatumia nguvu mara nne ya mtu aliyekaa ametulia, na kwamba mwendo ninaompa mgonjwa wiki ya kwanza uko chini ya hapo. Ndiyo! Hilo ndilo linaloniudhi. Nyumbani anafanya kazi nzito kuliko yangu, na faida yangu haipati. Anafua nguo mbili, anainuka kumfukuza kuku, anarudi, anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, anaitwa. Hakuna kupasha mwili wala kupoza, hakuna anayepanga leo iwe ngapi na kesho iwe ngapi, na hakuna anayemuuliza anajisikiaje. Mazoezini namuuliza kila baada ya dakika chache kwa kipimo cha Borg, namba anayojipa mwenyewe kuonyesha kazi anavyoihisi nzito, kutoka 6 hadi 20, nikitaka abaki kwenye 11 hadi 13. Mapigo siyategemei sana kwa sababu wengi wanameza beta-bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Namba zikimchanganya, namwambia: upige soga na mwenzako, lakini kaswida ikushinde.

Kuna kitu kinanisumbua hapa, na kijana yule angekijua angenibana vizuri. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema kila mjongeo una maana, kazi za nyumbani zikiwamo, na inawagusa hata wenye magonjwa sugu. Mimi mwenyewe huwahubiria hivyo watu wa ofisini. Jibu nililonalo ni nusu jibu: kwa asiyetikisika kabisa, kudeki ni hatua. Mama yake hajawahi kukosa kutikisika tangu utoto, na bado ngazi za ghorofa moja zinamkata pumzi.

Hata hizo kilo nne na nusu zina walakini. Ni pauni kumi za Wamarekani, na ushahidi wake ni mwembamba kuliko sauti tunayoitumia kuitaja. Wenzetu wengine wameacha namba. Wanafundisha viwiko vibaki karibu na mbavu, maumivu yaongoze. Mimi nasitasita. Nikimwambia mama asikilize maumivu, naogopa hatayasikiliza. Aliyezaa watano na kuamka siku ya tatu kupika hana mazoea hayo.

Na vitabu tunavyosomea vimejengwa juu ya mwanaume wa miaka sitini mwenye mishipa iliyoziba. Aliye mbele yangu ana miaka 28, valvu imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, au moyo umetanuka baada ya kujifungua na mtoto bado ananyonya. Kwa huyu wa mwisho ushahidi wa mazoezi ni haba. Nakwenda naye polepole, nikipima kutembea kwa dakika 6 kwenye korido ya mita 30, na mara nyingine nalala nikijiuliza kama nimezidisha au nimepunja.

Mambo mengine yanayowaangusha wanawake ni madogo mpaka unaona aibu kuyaandika. Nauli. Kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Dera refu juu ya mashine ya kutembelea (lifungwe kwa khanga kiunoni, au uvae suruali ndani, basi). Titi zito linalovuta kidonda cha kifuani siku nzima, na hakuna mtaalamu wa kiume aliyewahi kumtajia sidiria isiyo na waya, inayofungwa mbele. Daladala: kusimama mkono juu ukining'inia kwenye bomba, kisha dereva anafunga breki. Siku hizi swali langu la kwanza ni "umekujaje?", presha baadaye.

Wengine hunishauri niwape wote mpango wa kufanyia nyumbani. Kwa wagonjwa wa mishipa walio imara, tafiti zinaonyesha wa nyumbani haupitwi sana na wa hospitali, na nautoa kwa wanaoishi mbali. Ila nyumbani ndiko liliko beseni. Mama akivaa raba atembee uani, kuna atakayesema "ukishasimama hivyo hebu niletee...". Akija kwetu anapata saa moja ambayo hakuna anayemwita, na nashuku saa hiyo ndiyo nusu ya tiba, ingawa siwezi kuipima. Kipindi cha wanawake peke yao wanakipenda, wanacheka, tunaweka mduara. Kama kinawafanya wamalize programu kuliko kipindi cha mchanganyiko, matokeo ya tafiti hayajakaa sawa, na siapi.

Kilichonisaidia zaidi si mashine. Rufaa sasa tunataka iandikwe kwa kila mgonjwa kabla ya ruhusa, mwanamke au mwanaume, bila mtu kukaa kufikiria nani "anahitaji". Na naita kikao: mume, wifi, mtoto mkubwa. Mgonjwa namwacha apumue, nawauliza wao. Kwa wiki 8 hadi 12 zijazo nani anachota maji? Nani anafua? Nani anasonga? Huwa kunakuwa kimya. Kisha mgonjwa mwenyewe anasema, "Nitajitahidi tu, dokta," na inabidi nimnyamazishe kwa heshima zote.

Yule kijana nimemwambia Alhamisi amlete mama yake, na kabla ya hapo ajaze madumu yote ya nyumbani yeye mwenyewe. Akaniuliza, kwa kweli bila kejeli, nguo zinakamuliwaje zisitoe maji sakafuni. Nikamweleza.

Kipindi cha akina mama ni Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Njooni na raba, si kandambili.