Bando Likikata Katikati: Kupakua Nyaraka kwa wget

Faili kubwa likikatika likiwa asilimia 90, mara nyingi kivinjari hukurudisha mwanzo, na megabaiti zilizoliwa ndiyo zimekwenda. Kwa sababu hiyo sisi wa maktaba huwahimiza wanafunzi na watafiti waizoee wget, programu ya bure ya mradi wa GNU iliyoanza kutolewa mwaka 1996. Haina vitufe wala madirisha. Unaandika amri kwenye terminal (sehemu ya kompyuta ya kuandikia amri), unabonyeza Enter.

Tuchukue kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Imepigwa skani na ipo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Kabla ya kupakua, fungua orodha ya mafaili yote ya kitabu. Kwa kawaida utakuta PDF, maandishi matupu yanayoishia na _djvu.txt, na zipu ya picha za kurasa, _jp2.zip. Mla bando ni huyo wa mwisho. Anayetafuta maneno tu, maandishi yanamtosha, ingawa kompyuta husoma vibaya herufi za vitabu vikuukuu, hivyo usinukuu kabla ya kutazama PDF. Nakili kiungo cha faili unalolihitaji, kisha andika, ukikibandika mahali pa neno kiungo:

wget -c --limit-rate=200k "kiungo"

Kazi kubwa inafanywa na hiyo -c. Hutazama kipande kilichokwisha kufika, ikaiomba seva (kompyuta inayotunza faili) iendelee kuanzia hapo. Umeme ukikatika, rudi kwenye folda ileile, rudia amri ileile. Sehemu ya pili huzuia kasi isizidi kilobaiti 200 kwa sekunde, ili mnaotumia Wi-Fi moja nao wapate chao. Alama za nukuu usiziache: kiungo chenye & bila nukuu huvuruga amri nzima.

Viungo vikiwa vingi, viandike kwenye orodha.txt, kimoja kila mstari, halafu:

wget -c -w 5 -i orodha.txt

Itapumzika sekunde 5 kati ya faili na faili. Anayeimiminia seva maombi bila kupumua huweza kufungiwa, na mimi simwonei huruma.

Wenye Windows wawe macho. Katika PowerShell, sehemu ya kuandikia amri inayokuja na Windows, neno wget huita amri nyingine kabisa, na -c italeta kosa. Tumia hii, ambayo Windows 10 za karibuni na 11 tayari zinayo:

curl.exe -L -C - -O "kiungo"

Usiiondoe -L, maana Internet Archive hukuelekeza kwenye seva nyingine ndiko faili liliko. Kwenye simu ya Android, sakinisha Termux, programu inayokupa terminal, kisha andika pkg install wget.

Vitabu vya kuazima tu havitashuka kwa njia hii, wala visilazimishwe.

Faili likishafika, lihakiki. Kila kitabu kina faili linaloishia na _files.xml, lenye namba ya md5 ya kila faili, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Andika md5sum na jina la faili lako (Windows: certutil -hashfile jina MD5), ulinganishe. Namba zikitofautiana ilhali upakuaji umekamilika, futa uanze upya. -c ya wget na -C ya curl huongeza mkiani tu, hazitengenezi kilichoharibika katikati.