Je, wajua kwa nini chambo cha muski kina vibamba viwili?

Ukikishika mara ya kwanza utaapa kwamba hakuna samaki atakayekila. Ni waya mgumu wa chuma wenye ndoana mbili kubwa za meno matatu, umefunikwa kwa shada refu la nywele au nyuzi za kumetameta, na mbele kabisa vinaning'inia vibamba viwili vya shaba vilivyobonyea, kila kimoja kikiwa kama kichwa cha kijiko cha kupakulia mchuzi. Kitu kizima kinapita sentimita 20. Kitikise, kinalia kama njuga.

Anayetafutwa nacho ni muski, Esox masquinongy, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi wa kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada: maziwa ya Wisconsin na Minnesota, Ontario, Mto St. Lawrence. Jina lake limetokana na maashkinoozhe la Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo. Ana mwili mrefu kama mtumbwi na mdomo bapa kama wa bata, ila ndani umejaa meno. Akifika inchi 50, yaani sentimita 127, wavuvi humsimulia miaka mingi. Shida ni kumpata. Katika maziwa mengi hawafiki hata muski mkubwa mmoja kwa kila ekari ya maji, ndiyo maana wavuvi humwita samaki wa mitupo elfu kumi. Wanavua kwa burudani na karibu wote humrudisha majini. Minnesota, kwa sehemu kubwa ya maziwa yake, hairuhusu kumchukua muski aliye chini ya inchi 54, hivyo hata yule wa kusimuliwa miaka mingi anarudi kwao.

Sasa, mtu anayetupa mshipi mara elfu kumi ana kila sababu ya kuchagua chambo chepesi. Kwa nini basi achague kile kizito kuliko vyote kukivuta?

Tuanze na jina, maana lenyewe lina mzaha. Chambo hiki huitwa bucktail, yaani mkia wa dume la kulungu, kwa sababu shada lake lilifumwa kwa nywele za mkia wa kulungu wa Marekani wenye mkia mweupe. Kibamba kinachozunguka nacho ni cha zamani. Katika karne ya 19, huko Clayton kando ya Mto St. Lawrence, G. M. Skinner alikuwa akitengeneza vibamba vyenye mifereji ambavyo wavuvi wa muski walivikimbilia. Mwaka 1938 Wafaransa wakaleta Mepps, chambo chenye kibamba kinachozunguka, ambayo baadaye ilipata makao Antigo, Wisconsin, na mpaka leo kampuni hiyo hununua mikia ya kindi kutoka kwa wawindaji ili kuvisha ndoana zake. Vyambo vya muski vya namna hiyo, kwa miaka mingi, vilikuwa na kibamba kimoja cha wastani. Kilivutwa bila shida siku nzima.

Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 2000, hasa kwa wavuvi wa Ziwa Mille Lacs huko Minnesota. Kampuni ndogo ya Musky Mayhem ilitoa chambo kilichoitwa Double Cowgirl: vibamba viwili vya ukubwa wa namba 10 kwenye waya mmoja. Na shada lake halikuwa la nywele tena, bali nyuzi bapa za plastiki zinazong'aa. Kwa hiyo mkia maarufu kuliko yote wa kulungu hauna hata unywele mmoja wa kulungu. Jina limebaki tu, kama yule mzee anayeitwa Kijana hadi leo.

Ili kuona vibamba viwili vinafanya nini, tazama kwanza kimoja. Kimeshikwa ncha moja na kishikizo kidogo kinachoweza kuzunguka juu ya waya. Ukivuta, maji yanaingia kwenye mbonyeo na kukisukuma kitoke nje. Ncha moja imefungwa, hakina pa kwenda, basi kinazunguka. Kibamba chembamba chenye umbo la jani huzunguka kikiwa kimeulalia waya, haraka na bila kelele nyingi. Kile cha mviringo, ambacho wavuvi hukiita Colorado, hufunguka wazi kama mwavuli. Kinazunguka polepole, na kila mzunguko kinasukuma fungu zima la maji. Mvuvi anausikia mdundo wake kwenye kitako cha fimbo: du, du, du. Vibamba vya vyambo vikubwa vya muski kwa kawaida ni hivi vya mviringo.

Namba inahusu ukubwa: ikipanda, kibamba kinakua. Hapa ndipo macho humdanganya mnunuzi. Akiweka namba 8 na namba 10 pamoja kwenye meza ya duka, tofauti yake anaiona ndogo. Lakini maji hayapimi urefu, yanapima eneo. Kibamba kikirefuka kwa robo, eneo lake linaongezeka kwa zaidi ya nusu. Na ukizidisha kasi ya kuvuta mara mbili, ukinzani wa maji unakuwa mara nne. Halafu weka vibamba viwili.

Mbona wasitengeneze kimoja tu kikubwa sana? Wapo waliojaribu. Kibamba kimoja kikubwa mno kinahitaji nafasi pana ya kuzunguka, kinachelewa kuanza, na kila kikigeuka kinauyumbisha mwili mzima upande wake. Viwili vinagawana eneo hilohilo, kila kimoja kikizunguka kwenye duara dogo, mara nyingi vikiwa pande mbili tofauti za waya kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Tena vinapata kitu ambacho kimoja hakikipati: ukinzani wao pamoja, ukivutwa na mshipi unaotoka juu kwenye fimbo, hukiinua chambo. Kinaweza kutembea polepole na bado kikabaki karibu na uso wa maji bila kuzama. Kiangazi muski hujificha ndani ya majani marefu ya ziwani au juu yake. Chambo cha kibamba kimoja chenye uzito huohuo, ukikipunguza mwendo, kinazama na kunasa majani. Hiki kinapita juu ya vichwa vyao kwa madaha.

Wavuvi wengi watakwambia muski anausikia mdundo huo kutoka mbali na kuja mbio. Hapo mimi nina shaka, na sababu ipo. Samaki ana mstari wa ubavuni, safu ya matundu yenye vinyweleo vya hisia ndani yake, ambao hupokea msukosuko wa maji. Muski anayo mengine hata chini ya taya: matundu sita hadi tisa kila upande, na ndiyo njia ya kumtofautisha na ndugu yake paiki wa kaskazini, ambaye kwa kawaida hazidishi matano. Ila mstari huo hufanya kazi vizuri kwa umbali mfupi, kama urefu wa mwili wa samaki mwenyewe mara moja au mbili. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walichapisha majaribio juu ya muski hasa. Waliozibwa macho hawakunyemelea windo kabisa, lakini likipita karibu nao waliliruka na kulidaka. Walionyimwa hisia ya ubavuni walinyemelea kwa macho kama kawaida, ila iliwabidi wasogee karibu zaidi kabla ya kuruka.

Yaani jicho ndilo humleta muski, na ubavu humwambia adake wapi na lini. Ukilielewa hilo, ubishi mwingi wa dukani unapungua. Vibamba viwili havishindi kwa sababu vinapiga kelele za kufika ng'ambo ya ziwa. Vinashinda kwa kuonekana vikubwa kutoka mbali, kisha samaki akisogea vinampa alama nene ya kulengea, hata kwenye maji ya rangi ya chai au usiku ambapo jicho linachoka.

Kwa namba, basi. Jozi ya namba 10 ndiyo ya kawaida majira ya joto, na ukiniambia ninunue moja tu nitanunua hiyo. Jozi ya namba 8 inavutika haraka bila kukuua, na inafaa majira ya kuchipua, maji yakiwa baridi na maangavu, au siku ambazo samaki wanakifuata chambo hadi chomboni kisha wanageuka. Jozi ya namba 13 ni ya jioni, maji meusi na mvuvi mwenye mabega. Mdundo wake unatikisa fimbo nzima. Wapo wasiotumia kingine, na wapo walioipeleka majini asubuhi moja na kuirudisha kwenye sanduku kabla ya chakula cha mchana.

Unene wa bati nao una neno lake, ingawa ni wachache wanaouangalia. Bati jembamba linaanza kuzunguka mara moja na linadunda zaidi. Nene linahitaji kasi, lakini linakaa chini kidogo. Wengine huongeza chubwi ndani ya mwili ili kiende chini zaidi. Hapo mvuvi yeyote wa nguru wa pwani yetu aliyewahi kurambaza ataelewa bila kufafanuliwa. Nywele na plastiki pia hazifanani: nywele za kulungu ni ngumu, hivyo hushikilia umbo, nyuzi za plastiki hulala ukivuta na kufunguka ukipunguza, kama mwili unaopumua.

Rangi? Watu hutumia usiku mzima kuzibishania. Kibamba cheupe cha fedha kwenye maji maangavu, cha dhahabu au shaba nyekundu kwenye maji ya chai, na cheusi usiku, maana samaki anakitazama kutoka chini na kivuli cheusi huonekana wazi dhidi ya anga. Hayo yanatosha.

Kinachoamua kwa kweli ni kiungo ambacho hakimo ndani ya sanduku la vyambo: mkono. Double Cowgirl ilipoenea, wavuvi waligundua rili zao, yaani roda za kukusanyia mshipi, zinalia na viganja vyao vinavimba. Rili ni kama baiskeli ya gia. Yenye uwiano mkubwa, mathalani zaidi ya 7 kwa 1, inakusanya mshipi mwingi kwa kila mzunguko wa mkono, na ndiyo inayokuchosha mlimani. Yenye 5.3 kwa 1 inakusanya kidogo, lakini inapanda. Kwa vibamba vikubwa watu walirudi kwenye gia ndogo, wakaweka mikono mirefu ya rili, wakanunua fimbo za futi 8 na nusu hadi 9 na nusu zinazobeba uzito huo, na mshipi wa kusokotwa wenye nguvu ya ratili 80 au 100. Mbele ya chambo hufungwa kipande cha waya au uzi mnene usiokatwa na meno. Mtu aliyetumia fedha zote kwenye vibamba na kubakiza rili ya zamani huwa ameacha kuvuta vizuri ifikapo saa nane mchana. Muski hawali kwa ratiba ya mvuvi, na wengi hupatikana jua likizama. Jozi ya namba 8 inayozunguka sawasawa saa moja jioni ni bora kuliko jozi ya namba 13 inayoburutwa na mtu aliyechoka.

Kiangazi kikizidi, kuna kikomo kingine. Maji yakifika kama nyuzi 27 za Selsiasi wavuvi wengi huacha kabisa kumtafuta, kwa kuwa muski aliyepigana katika maji ya moto anaweza kuachiwa akiwa hai na kufa baadaye.

Jambo la mwisho ni kuanza na kumaliza mtupo, na hapo vibamba viwili vina kero yake. Chambo kikitua majini, mara nyingine vibamba vinalala ubavuni mwa waya na kukataa kuzunguka, na unaweza kuvuta hadi chomboni ukiwa unakokota njuga iliyokufa. Dawa ni kukishtua kwa mvuto mmoja mkali mara kinapogusa maji, halafu usubiri mdundo ufike mkononi kabla ya kutulia. Usipousikia, shtua tena.

Na kikifika chomboni usikitoe. Ncha ya fimbo inazamishwa majini na chambo kinachorwa umbo la 8, taratibu, kwa kona pana kadiri mkono unavyofika, kwa sababu muski mrefu kama huyo hawezi kukata kona ya sahani. Wengi hukifuata chambo kimyakimya umbali wote na kufanya uamuzi hapo, mita moja kutoka kwenye miguu ya mvuvi. Kona ndiyo mahali vibamba vidogo vinavyovutwa kivivu husimama. Vile vikubwa vya mviringo huendelea kudunda hata mwendo ukipungua. Unaongeza kasi kidogo ukiingia kwenye kona, unakipandisha chambo kuelekea juu ukitoka, na kama kuna kivuli nyuma yake unazunguka tena, na tena, hadi kivuli kiondoke au mdundo ukatike ghafla na fimbo ijipinde kuelekea majini.