Mteja Amelipia Bando Ili Akuone: Makosa ya Kuuza Mitandaoni

Wafanyabiashara wanaokuja kitengoni kwetu kuomba ushauri huleta malalamiko yanayofanana: "Mwalimu, naposti kila siku, watu wanapenda, lakini hawanunui." Huwa naomba simu zao, nafungua ukurasa wa biashara na kuusoma kama mteja asiyewajua. Mara nyingi sababu naiona kabla chai haijapoa.

Tuanze na namna mteja wetu anavyofika mtandaoni. Julai 2018 serikali yetu ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikaja ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Kwa hiyo dada wa Arua anayetazama video yako ya dakika tatu amelipia kila sekunde yake. Akitaka kuingia Facebook hana budi kuwasha VPN, yaani programu inayoficha mahali alipo, kwa kuwa mtandao huo ulifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na haukufunguliwa pamoja na mingine iliyorudi Februari. Mtu amegharamika hivyo, halafu anakuta umeandika: "Bei njoo inboksi."

Kosa hilo naliweka mbele ya yote. Nimewauliza wengi kwa nini wanaficha bei. Wapo wanaoogopa kwamba mshindani ataiona na kushusha yake. Lakini mshindani wako wa soko la Owino hahitaji ukurasa wako. Akitaka bei anamtuma kijana aje dukani kuuliza, naye anarudi na jibu kabla ya saa kupita. Wengine wanataka nafasi ya kupatana. Kupatana ni desturi yetu na siipingi, ila hata kupatana huanzia mahali. Andika "kuanzia 45,000", taja bei ya kipande kimoja na bei ya dazeni, useme kama nauli ya boda imo ndani au mteja ataitoa mwenyewe. Bei ikifichwa, mteja hudhani kwamba unataka kwanza uone picha yake ya wasifu ukadirie ana pesa kiasi gani. Na tuseme kweli, mara nyingine hajakosea. Zaidi ya hayo, anayeuliza saa mbili usiku akajibiwa kesho adhuhuri huwa keshanunua kwingine.

Sasa Facebook, maana hapa watu wanapoteza pesa taslimu. Mfanyabiashara wa Kampala analipia tangazo, anachagua lionekane kwa watu walio Uganda, anasubiri wateja. Mfumo wa matangazo hutambua eneo la mtu kwa anwani ya mtandao pamoja na ishara nyingine za simu yake. Mteja aliyewasha VPN akiwa Ntinda anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Uholanzi au Marekani, na tangazo lako likampita. Fungua takwimu za ukurasa wako uangalie wasomaji wanatoka wapi. Ukiona miji ya Ulaya imejaa wakati unauza unga wa mihogo Wandegeya, jua kuna majirani zako waliojificha humo. Sisemi uiache Facebook. Watu wetu wengi bado wanaiingia kwa njia hiyo ya kuzunguka. Nasema usilipie tangazo la Uganda nzima kabla hujajaribu kwa kiasi kidogo, na usiifanye kuwa mlango wako pekee. Zile siku za Januari 2021 intaneti yote ilipozimwa, wenye biashara waliokuwa wameandika namba za wateja wao daftarini waliendelea kupiga simu na kuuza. Waliotegemea ukurasa tu walikaa kimya.

Na hizo namba zina mambo yake. Wengi wetu tunatumia WhatsApp, na ile programu ya WhatsApp ya biashara ni ya bure, ina sehemu ya kuweka bidhaa na bei zake, lakini nashangaa ni wangapi wanaiacha tupu. Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba ujumbe uliotumwa kwa orodha ya watu 256 umewafikia wote 256. Ujumbe wa orodha humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Usipomwomba mteja aihifadhi siku ile ile aliponunua, unaongea peke yako.

Kisha yapo yanayogusa sheria. Nimeona watu wakichukua namba kutoka kwenye kitabu cha wakala wa pesa za simu, au daftari la wageni getini, wakaziingiza zote kwenye kundi la kuuza sabuni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kukusanya na kutumia taarifa zake, na inampa haki ya kukataa zisitumike kumtangazia bidhaa. Kampuni ikivunja sheria hiyo, mahakama inaweza kuitoza faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Mtu aliyeacha namba yake ili apokee pesa ya ada ya mtoto hakukupa wewe ruhusa yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa picha: saluni inayoposti mtoto aliyesukwa, kliniki inayoonyesha mgonjwa "kabla na baada". Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na ingekuwa vyema ikaandikwa. Naomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu picha ya mtoto ikishasambaa huwezi kuirudisha.

Picha za kuazima nazo zinatuharibia jina sote. Muuzaji anachukua picha ya kiatu kutoka tovuti ya nje, mteja wa Mbarara anatuma pesa, basi linamletea kiatu kingine kabisa. Tangu siku hiyo hatamwamini hata muuzaji mwaminifu wa duka la jirani. Piga picha bidhaa yako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha, mkono wako uonekane umeishika. Haitang'aa kama ile ya tovuti, na ndiyo maana ataiamini. Kwenye video onyesha bidhaa sekunde za mwanzo. Nembo inayozunguka na muziki kwa sekunde kumi ni bando la mteja linateketea. Huo muziki nao una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda. Alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS, usiibandike kama hukuidhinishwa.

Kuna kosa moja dogo ambalo sijaona likitajwa mara nyingi. Mteja amekubali bei, yuko tayari kulipa kwa pesa za simu, MoMo au Airtel Money, anaingiza namba uliyompa, na jina linalojitokeza silo la duka wala silo lako: ni la shemeji yako aliyesajili laini. Anasita, anaghairi. Utapeli umekuwa mwingi kiasi kwamba siwezi kumlaumu. Sajili namba ya malipo ya biashara, ile ambayo jina la duka ndilo linaloonekana, na uiandike pale pale kwenye ukurasa.

Lugha. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, namsikia muuzaji akimhudumia mama wa Bunia au Butembo kwa Kiswahili safi cha sokoni, wanaelewana, marobota ya vitenge yanafungwa. Nikifungua ukurasa wa muuzaji huyo huyo nakuta Kiingereza kizito cha barua ya ofisi. Yule mama akirudi Kongo akitaka kuagiza tena, atasoma nini? Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na madereva wa malori wanaolala mpakani Busia na Malaba, Wakongomani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, wafanyabiashara wa Bwera, wote wanakitumia kununua. Andika unavyoongea kaunta: Kiswahili, Kiganda, Kilugbara, chochote mteja wako anachotumia kuuliza bei. Usihangaike na usanifu.

Wafuasi wa ukurasa walionunuliwa kwa pesa siwatetei kwa neno lolote. Ni watu wasiokuwepo, na watu wasiokuwepo hawanunui.

Kuhusu malalamiko, nitasimulia yaliyonipata. Niliagiza mapazia kwa duka moja la mtandaoni, yakaja ya rangi tofauti na tuliyokubaliana. Niliandika chini ya picha yao, kwa heshima, nikiuliza tutafanyaje. Maoni yangu yalifutwa, nami nikazuiwa nisiuone ukurasa tena. Mapazia niliyatundika, lakini kila mgeni anayeyaulizia anasikia habari yote. Laiti wangejibu pale pale, mbele ya watu wote, "Samahani dada, tumekosea, tunakutumia mengine Jumatano," ningewatangaza bure hadi leo. Anayelalamika hadharani bado anaongea nawe. Mjibu.

Nimalizie na akaunti yenyewe. Mara nyingi ilifunguliwa na mpwa au kijana wa dukani, kwa namba yake na barua pepe yake. Kijana akipata kazi Jinja anaondoka na funguo za duka, na wateja wa miaka mitatu wanaondoka naye. Fungua akaunti kwa namba ya biashara, nywila iandikwe na ihifadhiwe na mwenye mali. Kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, na kila anayeshika simu ajue kwamba ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe haipewi mtu, hata akijiita nani.

Ukirudi dukani kesho, chukua kaunta buku na uchore safu mbili. Kila anayenunua mwulize, "Umetuonea wapi?" Andika jibu, na pembeni kiasi alicholipa. Baada ya wiki nne jumlisha, kisha tuletee hiyo kaunta buku pamoja na simu.