Sindano ya diklo haiokoi tumbo

Karibu kila siku hapa famasi anakuja mtu mgongo unamsumbua, namuuliza una vidonda vya tumbo, anajibu ndiyo, ndo maana nataka sindano ya diklo (diklofenaki, dawa ya maumivu), vidonge vinanichoma. Namwelewa kabisa ila hapa wengi wanapotea.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, zote ukoo mmoja. Zinazuia kimeng'enya kinaitwa COX kisitengeneze prostaglandini, zile kemikali zinazoleta uvimbe, homa na maumivu. John Vane wa Uingereza ndo alionyesha hilo 1971, akapewa Nobel 1982. Sasa prostaglandini hizohizo ndo zinalifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake, na ndo zinaiacha mishipa ya figo wazi damu ipite. Dawa haichagui goti wala tumbo, inazunguka na damu mwili mzima, kwahiyo umeze, uchomwe takoni, uweke kwa njia ya haja kubwa, ikishaingia kwenye damu ute unapungua tu. Kidonge kweli kinakwaruza kidogo kikipita lakini madhara makubwa yanatokea kwenye damu. Afadhali ya kupaka, inayofika kwenye damu ni kidogo sana.

Kinachoniuma zaidi ni kuchanganya. Mtu yuko kwenye diklo ya miligramu 50 kutwa mara mbili, kichwa kikigonga anaongeza dawa ya dukani ambayo ndani ina aspirini, jioni mwenzake anampa ibuprofeni, hapo jamani umemeza kitu kilekile mara tatu. Mgonjwa wa presha anayetumia losartani pamoja na kidonge cha kukojoza akiongeza na diklo ndo kabisa, figo zinabanwa pande zote na presha yenyewe inapanda. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiguse dawa za ukoo huu bila daktari. Na homa ambayo haijapimwa, hasa Dar kipindi cha dengue kama 2014 na 2019, tumia parasetamoli, maana dengue inashusha chembe za kugandisha damu na hizi dawa zinazidhoofisha zilizobaki.

Kama lazima utumie dawa za ukoo huu na uliwahi kuwa na vidonda, mwombe daktari akuwekee na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na hiyo ya maumivu iwe dozi ndogo, siku chache. Ukiona choo cheusi kama lami, hata kama tumbo haliumi, usije kuniomba dawa ya kiungulia, nenda hospitali muda huohuo, hiyo ni damu.