Parokia ndogo za Uingereza: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Anayeanza kufuatilia nasaba katika kijiji cha Uingereza, awe mzaliwa wa huko au Mswahili aliyeoa huko na sasa watoto wanauliza habari za upande wa pili wa ukoo, huwa na picha yake kichwani: kanisa la mawe, makaburi yaliyoota majani, na familia zilezile zikizaana palepale tangu enzi za wafalme wa kale. Kanisa na makaburi yapo. Hayo mengine ndiyo yanayowapotezea watu muda.

"Watu wa kijijini hawakuhama"

Clayworth ni parokia ya wakulima kaskazini mwa Nottinghamshire. Mwaka 1676 kasisi wake, William Sampson, aliandika majina ya wakazi wote, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1688 akarudia. Mara ya kwanza walikuwa 401, mara ya pili 412. Ukiishia kwenye jumla utasema kijiji kimetulia tuli. Katika karne ya 20 mwanahistoria Peter Laslett alilinganisha orodha hizo jina kwa jina, akakuta takriban watu sita katika kila kumi wa orodha ya kwanza hawamo kwenye ya pili. Wapo waliokufa, lakini walio wengi walikuwa wamehamia kwingine, na nafasi zao zimechukuliwa na wageni. Yote hayo ndani ya miaka kumi na miwili, bila vita wala reli.

Waliohamahama sana ni vijana. Msichana au mvulana aliondoka kwao akaenda kufanya kazi, kula na kulala kwa mkulima mwingine kwa makubaliano ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, anatafuta tajiri mwingine, pengine kijiji cha jirani. Kwa hiyo ukipotewa na babu, usikimbilie kusema alivuka bahari. Anza na rejista za parokia ambazo angezifikia kwa miguu kabla ya jua kuwa kali.

Utumishi huo huo unaeleza jambo lingine. Wengi hudhani watu wa zamani waliozwa wangali watoto. Katika karne ya 17 na ya 18, Mwingereza wa kawaida wa kijijini alioa au kuolewa akiwa na miaka ishirini na kitu, mara nyingi imepita 25, kwa kuwa alipaswa kwanza kuweka akiba ya kuanzia nyumba yake mwenyewe. Na nyumba hiyo haikujaa mababu, mashangazi na binamu: Clayworth ilikuwa na wastani wa watu wanne na ushei kwa kaya. Hapa sisi tunakosea zaidi ya Waingereza wenyewe, kwa sababu tunawajengea boma letu.

"Maskini hawakuacha karatasi"

Hili ndilo lisilo kweli kuliko yote. Aliyeacha karatasi chache ni mtu wa katikati: aliyelima kipande chake, akalipa madeni yake, hakushtaki wala kushtakiwa. Maskini aliandikwa sana, kwa kuwa alikuwa gharama.

Sheria ya 1601 iliitaka kila parokia, ambayo ilikuwa pia eneo la utawala, iwalishe maskini wake kwa kodi ya wenyeji. Ya 1662 ikaruhusu mgeni anayeonekana atakuja kuwa mzigo arudishwe kwenye parokia yake kwa amri ya mahakimu wawili. Basi kila anayeyumba aliulizwa: ulizaliwa wapi, ulitumikia kwa nani, kwa muda gani, ulipanga nyumba ya kodi kiasi gani? Majibu yaliandikwa. Kibarua asiyejua kushika kalamu anaweza kukuachia maisha yake yote kwenye ukurasa mmoja, na alama ya msalaba chini mahali pa sahihi.

Ukatili wa mfumo huu unaonekana katika hesabu zake ndogondogo. Mtumishi asiye na ndoa aliyemaliza mwaka mzima alipata haki ya ukaazi, yaani ya kulishwa na parokia hiyo akipungukiwa, hivyo wapo matajiri walioajiri kwa wiki 51 ili haki hiyo isimfikie. Mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa, hivyo msichana mjamzito alifukuzwa haraka ajifungulie kwa wengine. Akibaki, wasimamizi wa maskini, yaani maofisa wa parokia waliokusanya na kugawa kodi hiyo, walimbana amtaje baba, wakati mwingine uchungu ukiwa umeshaanza, ili mwanamume afunge mkataba wa kulipa matunzo. Rejista ya ubatizo mara nyingi itakupa jina la mama tu. Jina la baba litafute kwenye makaratasi ya wasimamizi.

"Tarehe ya rejista ni tarehe ya kuzaliwa"

Ni ya ubatizo, na upande wa pili ni ya maziko, si ya kifo. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vya Uingereza na Wales Julai 1, 1837. Kabla ya hapo tunategemea daftari alizoagiza Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538, na Wabaptisti, Wakatoliki na wengineo waliolikwepa kanisa la mfalme mara nyingi hawamo.

Halafu kuna mtego wa mwaka. Kule Oxhill, kijiji kidogo cha Warwickshire, kuna jiwe la kaburi la Myrtilla, mwanamke mweusi anayetajwa kuwa mtumwa wa Thomas Beauchamp wa Nevis, kisiwa cha Karibi. Limeandikwa alibatizwa Oktoba 20 na kuzikwa Januari 6, 1705. Msomaji wa leo atahangaika: alizikwaje Januari 1705 kama alibatizwa Oktoba ya mwaka huo huo? Uingereza ilianza mwaka mpya Machi 25 hadi marekebisho ya 1752. Januari yake ni ya 1706 kwa hesabu yetu, miezi isiyofika mitatu baada ya ubatizo.

Jiwe hilo linaondoa na dhana nyingine, kwamba watu weusi wa Uingereza wa zamani walikuwa bandarini na London tu. Fedha za utumwa zilifika hadi mashambani, na watu waliotumikishwa walifika pamoja nazo. Wengi wao hawakuwekewa jiwe lolote, kama wasivyowekewa vibarua weupe.

"Kanisa liko peke yake mbugani, basi tauni iliua kijiji"

Wharram Percy, Yorkshire, husimuliwa hivyo. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi pale kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1990 walionyesha vingine: tauni ya 1348–49 ilipunguza watu, lakini kijiji kiliendelea kwa karibu miaka 150 zaidi, hadi wakulima wa mwisho walipoondolewa kupisha malisho ya kondoo. Parokia yenyewe haikufa. Watu wa Thixendale waliendelea kutembea hadi kanisa la Wharram Percy kubatiza na kuzika, mpaka walipojengewa la kwao mwaka 1870. Mwenye ukoo wa Thixendale wa karne ya 18 aombe rejista ya Wharram Percy, kijiji kilichokwisha kuhamwa.