Teja Kumsaidia Teja: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Soba Hausi

Mama mmoja wa Bomang'ombe alimleta mwanawe kwenye soba hausi yetu hapa Moshi, nyumba ambamo walioacha dawa za kulevya na pombe wanaishi pamoja na kusaidiana. Alipofika getini akakuta wanaume kumi na wanne wamekaa uani wanachambua mchicha. Akanivuta pembeni. "Baba, hawa wote ni mateja?" Nikamjibu, ndiyo mama, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nimekaa kwenye unga, yaani heroini, miaka tisa. Akamshika mwanawe mkono akataka kugeuza naye.

Simlaumu. Swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko yote: ukiwakusanya mateja nyumba moja, si wanazidi kufundishana?

Dhana hii haifi kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wafungie vijana kumi walioacha jana, bila ratiba, bila sheria, bila aliyewatangulia, na kabla ya wiki kwisha watakuwa wanapeana namba za wauzaji. Soba hausi inayofanya kazi haiendeshwi hivyo. Mwenye siku tatu analala chumba kimoja na mwenye miezi mitatu, na msimamizi ana miaka yake kadhaa bila kugusa kitu. Asubuhi kuna usafi, kikao, kupika, kufua. Jioni kila mtu anasema siku yake imekwendaje. Kudanganya pale ni kazi ngumu, maana uongo utakaoutoa wenzako walishautumia kwa mama zao.

Yule kijana aliwekwa kitanda cha chini karibu na mlango. Usiku wa pili arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, ikampata sawasawa: miayo isiyokwisha, mafua, vinyweleo vimesimama, tumbo linamkata, miguu haitulii. Saa nane usiku akaanza kutafuta viatu. Aliyelala kitanda cha juu, mwenye miezi minne, hakwenda kuziba mlango. Alishuka akakaa sakafuni. "Mimi usiku kama huu nilihesabu misumari ya bati mpaka kukakucha," akamwambia. "Leo na kesho ndiyo mbaya. Baada ya hapo inashuka." Akaenda jikoni akarudi na uji mwepesi, bila sukari, kwenye kikombe cha plastiki. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu alijua hata uji wa namna gani hautarudi juu. Alijua kwa tumbo lake mwenyewe. Na alisema kweli: kwa heroini, arosto hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja hivi. Siku ya tano kijana alikula ugali.

Wengine wanasema hivyo vikao ni kupiga soga, tiba iko hospitali. Hapa inafaa kurudi mwaka 1935, mji wa Akron nchini Marekani. Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama hotelini, biashara imemharibikia, baa iko hatua chache kutoka aliposimama. Akashika simu akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye naye pombe ilikuwa imemshinda. Ndipo Alcoholics Anonymous (AA), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilipoanzia, na mwaka 1953 kule California ikafuata Narcotics Anonymous kwa watu wa dawa za kulevya. Angalia jambo moja ambalo familia nyingi hazilioni: Bill alipiga simu ile ili ajiokoe mwenyewe. Yule wa kitanda cha juu naye alikuwa anajitibu alipokuwa anakoroga uji.

Na imepimwa. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yakakuta kwamba kumwongoza mtu aingie kwenye vikundi vya AA kwa utaratibu maalumu kunawasaidia wengi zaidi kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo. Hiyo ni pombe. Kwa heroini, ushahidi mzito zaidi uko kwenye dawa kama methadoni, ambayo mgonjwa hupewa kwa kipimo badala ya heroini, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011.

Hapo ndipo wenzangu wenyewe tunapokosea, na hili linaniuma. Tunasema "adhabu ya kaburi aijuaye maiti, daktari atatuambia nini?" Atakuambia mengi. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku zinazofuata akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Anaweza kufa. Kumkalia usiku na kikombe cha uji hakutoshi. Apelekwe hospitali kwanza, ndipo aje kwetu. Vivyo hivyo anayetumia methadoni asiambiwe kwamba bado ni teja. Anatumia dawa aliyopimiwa.

Kuna nyumba niliyopita kabla ya hii, sitaitaja. Walininyoa, wakanifunga mnyororo mguuni, wakaniita majina mbele ya wageni, eti mpaka uvunjike ndipo ujengwe. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kijiweni. Kufunga na kupiga hakutibu uraibu. Mkiona minyororo, mchukueni mgonjwa wenu mwondoke.

Eti soba hausi ni ya wanaume? Nyingi ninazozijua zinapokea wanaume tu, ni kweli, lakini hiyo ni kasoro yetu. Dada zetu wanaugua vilevile.

Dhana inayoua zaidi ni hii: amemaliza miezi yake, amepona. Uraibu hurudi, na kurudia hakumaanishi kwamba pesa zenu zimepotea bure. Hatari ni mwili. Aliyekaa miezi bila heroini, mwili wake umesahau kile kipimo. Akirudia kete alizokuwa anazoea, pumzi inaweza kukata. Wiki za kwanza nyumbani ndizo za kuogopa kuliko zote, na ndizo ambazo familia inafanya sherehe kisha inamwacha peke yake sebuleni na televisheni.

Yule mama alipokuja kumchukua mwanawe, nilimwambia asiondoke bila namba ya mtu wa kitanda cha juu. Akaihifadhi kwenye simu yake na kwenye ya mwanawe. Wiki ya pili, saa tano usiku, kijana akapiga. Walizungumza mpaka salio likamwishia, kisha mwenzake akampigia yeye.